Bonasi Imeingia, Kodi Imekatwaje?

Desemba moja, nikiwa bado naandaa mishahara ya kampuni moja jijini Dar es Salaam, mama mmoja wa usafi alinifuata mezani na slipu yake mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. Kampuni ilikuwa imewapa wafanyakazi wote bonasi ya mwezi mmoja. Mwaka mzima yule mama hakukatwa kodi hata senti, kwa sababu mapato yake ya mwezi yanayotozwa kodi yalikuwa shilingi 250,000. Mwezi ule slipu ilionyesha 500,000, na chini yake kodi ya 18,400.

"Mwanangu," aliniuliza, "hii elfu kumi na nane nimekosa nini?"

Nilifungua jedwali la Mamlaka ya Mapato (TRA), nikamwonyesha mstari wake, nikamwambia hesabu ni sahihi. Alikunja slipu akaenda zake. Na kweli hesabu ilikuwa sahihi, kwa mwezi. Kwa mwaka, kodi iliyompasa yule mama ilikuwa shilingi 800. Nilikuja kuling'amua hilo baadaye sana, alipokwisha kuacha kazi na kurudi kwao. Maswali yanayofuata ni yale niliyoulizwa miaka yote niliyokaa kwenye meza ile, na ninayajibu sasa kama nilivyopaswa kumjibu yeye. Viwango ni vya Tanzania Bara.

Je, bonasi ina kodi yake ya peke yake?

Haina. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, inaiweka bonasi katika fungu moja na mshahara, ujira, kamisheni, malipo ya likizo na posho. Vyote ni mapato ya ajira. Jina lililoandikwa juu ya bahasha halibadilishi kitu: iitwe motisha, asante ya mwaka, mshahara wa kumi na tatu au pongezi ya kufikia malengo, maadamu umelipwa kwa sababu ya kazi yako, mwajiri anapaswa kukata kodi kabla ya kukukabidhi, kisha kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ni hivyo hivyo ikipitia benki, ikitumwa kwa simu au ikitolewa taslimu kwenye sherehe ya kufunga mwaka.

Wengi wameshika kwamba bonasi hukatwa asilimia 30. Chanzo chake ni kwamba wenye mishahara mikubwa ndio hupata bonasi mara nyingi, na kwao hukatwa kweli asilimia 30, kwa sababu ndicho kiwango walichokwisha kukifikia kwa mshahara peke yake. Mwenye mshahara mdogo hesabu yake ni nyingine.

Basi hiyo kodi inakatwaje?

Viwango vilivyoanza Julai 2021 viko hivi. Kati ya mapato yako ya mwezi, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni asilimia 25. Kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Mapato yanayopimwa hapa ni yale yaliyobaki baada ya kutoa mchango wako wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, kwa kuwa mchango huo hutolewa kwanza.

Chukua madebe yaliyopangwa chini ya bomba, moja chini ya jingine. La kwanza likijaa, maji humwagikia la pili. La pili likijaa, la tatu. Kila debe lina kiwango chake cha kodi, na maji yaliyotulia kwenye debe la juu hayabadiliki kwa sababu debe la chini limeanza kupata. Mshahara ndio unaotangulia kujaza. Bonasi huja nyuma yake, kwa hiyo huanzia pale mshahara ulipoishia na kuteremka.

Tumtazame mfanyakazi mwenye mapato ya 600,000 kwa mwezi. Kodi yake ya kawaida ni 36,000: yaani 20,000 ya debe la asilimia 8, na 16,000 ya zile 80,000 zilizoingia kwenye asilimia 20. Desemba anapewa bonasi ya 600,000. Katika bonasi hiyo, 160,000 zinamalizia debe la asilimia 20, kodi 32,000. Kisha 240,000 zinajaza debe la asilimia 25, kodi 60,000. Zinabaki 200,000, ambazo zinaangukia kwenye asilimia 30, kodi 60,000. Jumla ya kodi iliyotokana na bonasi ni 152,000, na mkononi anapata 448,000. Michango ya mfuko nimeiweka kando ili kodi yenyewe ionekane.

Ndiyo maana mtu aliyezoea kuona kodi ya 36,000 hushtuka akiona 188,000 kwenye slipu moja. Hajaibiwa. Ila hapo hesabu haijaisha, na tutairudia.

Bonasi imenipandisha daraja. Si afadhali ningeikataa?

Usiikatae. Nimewahi kumwona kijana mwenye akili zake timamu akimwomba bosi ampunguzie bonasi ili "asiguse milioni," akiamini kwamba akivuka milioni, mshahara wake wote utakatwa asilimia 30. Haiko hivyo. Anayepata 1,000,000 kodi yake ni 128,000. Anayepata 1,010,000 kodi yake ni 131,000. Amevuka kwa shilingi elfu kumi, na kodi iliyoongezeka ni elfu tatu tu. Saba ni zake. Hakuna mahali katika jedwali hili ambapo kuongezewa kipato kunakuacha na fedha pungufu kuliko ulivyokuwa. Mwezi unaofuata, bonasi isipokuwapo, kodi yako inarudi palepale ilipokuwa.

Mbona mwenzangu tuna mapato sawa ya mwaka, lakini mimi nimekatwa zaidi?

Hili ndilo swali nililokosa kumjibu yule mama.

Sheria inaitoza kodi ya mapato kwa mwaka, kuanzia Januari hadi Desemba. Jedwali la mwezi ni lile la mwaka lililogawanywa kwa 12: kima kisichotozwa kwa mwaka ni 3,240,000, nacho ukikigawa kwa miezi 12 unapata 270,000. Asilimia 8 inaishia 6,240,000, asilimia 20 inaishia 9,120,000, asilimia 25 inaishia 12,000,000. Mwenye mshahara usiobadilika haoni tofauti yoyote, ahesabiwe kwa mwezi au kwa mwaka. Tofauti huanza pale fedha zinapoingia kwa kishindo mwezi mmoja.

Turudi kwa yule wa 600,000 na bonasi ya 600,000. Kwa mwaka amepata 7,800,000. Mwenzake wa kiwanda cha jirani hapewi bonasi, ila analipwa 650,000 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni 7,800,000 hizo hizo. Huyu wa pili anakatwa 46,000 kila mwezi, na mwaka ukiisha amelipa 552,000. Wa kwanza amekatwa 36,000 mara kumi na mbili, yaani 432,000, ukiongeza 152,000 za bonasi unapata 584,000. Mapato ni sawa mpaka shilingi ya mwisho, lakini mmoja amelipa 32,000 zaidi kwa sababu tu mwajiri wake alimkusanyia fedha zake Desemba.

Ukiihesabu bonasi yake kwa mwaka, yote 600,000 inaangukia kwenye kiwango cha asilimia 20. Kodi inakuwa 120,000 badala ya 152,000.

Sasa mweke yule mama wa usafi kwenye mizani hiyo. Mapato yake ya mwaka pamoja na bonasi ni 3,250,000. Amezidi kima kisichotozwa kwa shilingi 10,000. Asilimia 8 ya 10,000 ni 800. Jedwali la mwezi lilimkata 18,400 kwa sababu lilimpima kama mtu anayepata nusu milioni kila mwezi. Miezi kumi na moja aliyokuwa chini ya kima, kila mwezi akiacha nafasi ya shilingi 20,000 isiyotumika, jedwali halikuikumbuka.

Ukitazama vizuri utaona nani anaumia. Mwenye 2,000,000 kwa mwezi akipewa bonasi ya 2,000,000 atakatwa 600,000 ukihesabu kwa mwezi, na atakatwa 600,000 ukihesabu kwa mwaka, maana mshahara wake umeshajaza madebe yote ya juu. Meneja hapotezi chochote kwa njia yoyote ile. Anayepoteza ni mlinzi, mfagizi, mpishi, karani mpya. Kwao 17,600 ni chakula cha siku kadhaa, na wao ndio wasio na mtu wa kuwahesabia upya.

Hilo la kukosa wa kuwahesabia lina sababu. Nchini Tanzania, mfanyakazi mkazi mwenye mwajiri mmoja na asiye na kipato kingine halazimiki kuwasilisha ritani ya mwaka. Ni wepesi mkubwa kwake, kwa kuwa kodi yake inaishia kwa mwajiri. Lakini maana yake pia ni kwamba mhasibu asipofanya hesabu ya mwaka, hakuna mwingine atakayeifanya. Kenya mambo yamekaa tofauti: kila mfanyakazi mwenye namba ya mlipakodi hujaza ritani yake kwenye mfumo wa iTax kufikia Juni 30 akitumia fomu ya P9 anayopewa na mwajiri, hivyo mapato ya miezi kumi na miwili hukutana kwenye karatasi moja, na kilichozidi kinaonekana. Tena kule mwanya kati ya hesabu ya mwezi na ya mwaka ni mwembamba, kwani ukipita shilingi 32,333 za Kenya kwa mwezi umeshaingia asilimia 30, nawe hutoki humo mpaka ufike 500,000.

Je, mhasibu anaweza kuhesabu kwa mwaka?

Anaweza, na wapo wanaofanya hivyo. Anajumlisha mapato yako ya mwaka mzima bila bonasi, anatafuta kodi yake ya mwaka. Anaongeza bonasi, anatafuta kodi tena. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kodi ya bonasi. Bonasi ikitolewa Desemba kazi ni rahisi, kwa kuwa miezi yote imeshajulikana. Ikitolewa Machi, anakadiria miezi tisa iliyobaki kwa mshahara uliopo, kisha anasawazisha kabla mwaka haujafungwa ikiwa umepandishwa mshahara au umeacha kazi. Programu nyingi za mishahara zinaweza kufanya hivyo zikipangwa, ila zisipoguswa hutumia jedwali la mwezi. Mhasibu mwenye shaka aandikie ofisi ya TRA ya mkoa wake akiambatanisha mfano wa hesabu, apate jibu la maandishi. Mimi sikuwahi kuandika barua hiyo, na ilikuwa kazi ya nusu saa.

Kuna mwajiri mwingine anayeigawa bonasi vipande, tuseme kwa miezi mitatu au minne. Hilo ni halali na hupunguza kishindo. Ila bonasi ikianza kulipwa Desemba na vipande vikaendelea Januari, ujue umeingia mwaka mwingine wa mapato. Mapato ya ajira huhesabiwa pale unapolipwa. Bonasi ya kazi ya 2024 iliyolipwa Februari 2025 ni mapato ya 2025, hata kama barua ya pongezi ina tarehe ya Desemba.

Bosi alisema "milioni moja mkononi." Nimepata laki saba.

Ugomvi huu nimeusuluhisha mara nyingi kuliko mwingine wowote, na kila mara kosa lilikuwa ni neno ambalo halikuandikwa. Milioni ghafi kwa mtu ambaye mshahara wake umepita milioni ni 700,000 mkononi. Ili mtu huyo ashike milioni kamili, kampuni inapaswa kuandika bonasi ya 1,428,571, ikate kodi 428,571, ndipo ibaki milioni. Ni gharama kubwa, na bosi anayetamka "mkononi" mbele ya wafanyakazi mara nyingi hajaipiga hesabu. Barua ikija, tafuta neno "kabla ya makato" au "baada ya makato." Lisipokuwamo, uliza siku hiyo hiyo wakati furaha bado ipo pande zote mbili.

Na nikipewa friji badala ya fedha?

Kitu kilichotolewa kwa sababu ya kazi yako huthaminiwa kwa bei ya soko na kuingizwa kwenye mapato. Friji, pikipiki, simu, vyote vinahesabika. Mfanyakazi bora aliyezawadiwa pikipiki anaweza kushangaa fedha zake za mwezi zikipungua ilhali hakupewa hata shilingi. Kodi ya pikipiki imekatwa kwenye mshahara. Mwajiri mwenye busara humweleza kabla. Sheria imeviondoa vitu vidogo ambavyo si rahisi kwa mwajiri kuvigawanya jina kwa jina, kama chakula cha sherehe ya pamoja.

Kuna makato mengine yanayogusa bonasi?

Deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu hupimwa kwa mshahara wa msingi, asilimia 15, na bonasi si mshahara wa msingi. Ukiona deni limekatwa hadi kwenye bonasi, uliza. Tozo ya kuendeleza ujuzi na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ni mzigo wa mwajiri. Havipaswi kuonekana kwenye upande wako wa makato kabisa. Mchango wa hifadhi ya jamii ukikatwa kwenye bonasi, hakikisha umeingia kwenye akaunti yako ya mfuko, maana hizo ni fedha zako za uzeeni.

Kampuni imeshalipa kodi ya faida. Bonasi imetoka kwenye faida. Kwa nini nilipe tena?

Bonasi huondolewa kama gharama kabla faida ya kampuni haijatozwa kodi. Kampuni haiilipii. Kodi inalipwa mara moja, nawe ndiye mlipaji.

Slipu yangu ya zamani ina viwango tofauti. Ipi ni sahihi?

Huenda zote. Kiwango cha chini kilikuwa asilimia 11, Rais Magufuli akatangaza Mei Mosi 2016 mjini Dodoma kwamba kinashuka hadi 9. Julai 2020 kima kisichotozwa kilipandishwa kutoka 170,000 hadi 270,000. Mei Mosi 2021 jijini Mwanza, Rais Samia akatangaza asilimia 8. Pima kila slipu kwa viwango vya mwezi wake. Na mgeni asiye mkazi wa Tanzania hahusiki na madebe haya; yeye hukatwa asilimia 15 moja kwa moja.

Nikiona nimekatwa zaidi, nianzie wapi?

Anzia kwa mhasibu wako, kwa upole, kabla mwaka haujafungwa ikiwezekana, kwa kuwa kusawazisha ndani ya mwaka ni kazi ya ofisini kwenu tu. Mwaka ukishapita, kodi iliyozidi inaombewa marejesho TRA, nayo ni safari ndefu zaidi yenye fomu na uthibitisho wa mwajiri. Huna haja ya kumtuhumu mtu. Nilikuwa mimi mwenye jedwali mezani, na niliamini kabisa kwamba nimefanya haki.

Andika mistari michache tu. "Naomba kuonyeshwa jinsi kodi ya bonasi yangu ya Desemba ilivyokokotolewa: jumla ya mapato yangu kuanzia Januari hadi Desemba baada ya mchango wa mfuko, kodi ya mwaka kwa jumla hiyo, na kodi yote niliyokwisha kukatwa." Namba hizo tatu zikiwa kwenye karatasi moja, mwenye macho ataona kama kuna kilichozidi. Ambatanisha slipu zote kumi na mbili, na kama nyingine zimepotea, mwombe afisa utumishi akuchapie upya.